Kumpasua konokono mwindaji wa baharini na kumtafutia ukoo wake: mwongozo kwa maabara za Arusha na Moshi

Chukua gamba la Mitra na la Vexillum, konokono wawili wa baharini, uyaweke sambamba mezani. Yote mawili ni membamba, yana kilele kirefu, na ukichungulia mdomoni utaona mikunjo kadhaa kwenye nguzo ya kati. Kwa sababu hiyo walikaa familia moja kwa muda mrefu. Sasa fungua vinywa vyao. Mitra ana meno ya pembeni mapana, kila jino likiwa na safu ya vijino. Vexillum ana jino la pembeni jembamba, limepinda na lina ncha moja tu. Leo wa kwanza yuko Mitridae, wa pili Costellariidae. Gamba mara nyingi linatosha kukuambia huyu ni spishi gani. Ukitaka kujua ni ndugu wa nani, ingia ndani, hasa sehemu ya mbele ya njia ya chakula.

Nayo njia ya chakula ina hila zake. Inabadilika kufuata mlo, na kiungo kisichotumika hupotea. Kwa hiyo kazi ina nusu mbili: kukiona kiungo bila kukirarua, na kuamua kama kutokuwepo kwake kunamaanisha mnyama hajawahi kuwa nacho au alikuwa nacho akakipoteza. Nusu ya pili ndiyo inayowaangusha wengi.

Konokono wa kuanza nao

Kutoka Moshi hadi Tanga ni kilomita 350 hivi. Ukitoka Arusha ongeza 80. Safari hiyo inaamua mambo mengi, kwa hiyo panga kabisa unamtaka nani kabla ya kuondoka. Seti nzuri ya kujifunzia ni ya wanyama wanane: Polinices mammilla na Monoplex pilearis, ambao ni wawindaji lakini hawamo katika Neogastropoda, kundi kubwa walimo wengine wote wa seti hii, kisha Chicoreus ramosus wa Muricidae, Pleuroploca trapezium wa Fasciolariidae, Mitra mitra, Lophiotoma yeyote wa Turridae, Conus ebraeus au Conus coronatus, na Oxymeris maculata wa Terebridae. Wawili au watatu wa kila aina wanatosha. Magamba ya kwenye meza za wauza urembo hayafai, kwa kuwa yameshatolewa nyama na hakuna ajuaye yalikookotwa.

Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na ofisi ya uvuvi ya wilaya lazima ijue upo. Ndani ya hifadhi za bahari, ikiwemo ya Silikanti Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009, usiokote kitu bila idhini ya hifadhi yenyewe.

Sasa Conus. Wote wana sumu. Conus geographus ameua watu, na dawa ya kuipinga sumu yake haipo. Aliyechomwa hupelekwa hospitali haraka akasaidiwe kupumua mpaka sumu iishe nguvu. Usimshike yeye, wala Conus textile, wala Conus striatus, hata kwa sehemu ya nyuma ya gamba, maana mkonga unajipinda na kukufikia. Wachukue wale wadogo walao minyoo, kwa koleo, uwatie kwenye chombo kigumu cha plastiki, usiwatie mfukoni wala kwenye mfuko laini. Baada ya kufa, meno bado ni makali na yanaweza kuingia kwenye kidole.

Kuwalegeza na kuwahifadhi, palepale pwani

Konokono akitupwa mzima kwenye spiriti hujikunja hadi mzunguko wa tatu wa gamba, mguu unakuwa mgumu, na kila utakachokata baadaye kinakatika vipande. Mlegeze kwanza. Yeyusha gramu 75 za fuwele za magnesiamu kloridi katika lita moja ya maji baridi yasiyo na chumvi, kisha changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari. Wadogo huchukua saa mbili au tatu. Chicoreus na Pleuroploca waache usiku kucha mahali penye baridi. Mguse kipapasio kwa sindano. Akikirudisha, bado.

Akishalegea, kata kipande cha mguu cha milimita tatu na ukitie kwenye ethanoli ya asilimia 95 au 96, katika kichupa chake chenye namba ileile ya mnyama. Hicho ni cha DNA. Badilisha ethanoli baada ya siku moja, kwa sababu maji ya nyama huipunguza nguvu. Fanya hivi kabla ya formalini, kwani formalini huharibu DNA kiasi kwamba kipande ulichokata baadaye hakitakufaa.

Mwili uliobaki uhifadhi kwenye formalini ya asilimia 10: sehemu moja ya formalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji ya bahari, na kijiko cha chai cha boraksi kwa kila lita. Bila boraksi formalini ni chachu na italila gamba. Toboa au pasua gamba kwanza. Mdomo wa gamba ukiwa umezibwa na mguu, dawa haifiki juu, na tezi ya mmeng'enyo iliyoko kwenye mizunguko ya kilele huoza ndani kwa ndani huku mguu ukionekana safi. Acha siku mbili, suuza kwa maji mara tatu, hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70. Glovu na hewa ya kutosha ni lazima.

Kupata asilimia 70 kutoka 96: pima mililita 730, jaza maji hadi lita moja. Maji yawe yaliyosafishwa. Arusha wengi hutumia maji ya betri ya kituo cha mafuta, na yanafaa, ila hakikisha umepewa maji na si tindikali ya betri, kwa sababu chupa hukaa rafu moja na tindikali italiyeyusha gamba. Spiriti yenye rangi inapaka tishu na kuficha rangi za tezi, ambazo utazihitaji. Gongo haina haja ya kujadiliwa: nguvu yake haijulikani.

Kwenye basi usipande na lita za ethanoli. Mwaga kimiminika, mfunge kila mnyama kwa kitambaa cha pamba kilicholowa ethanoli, tia kwenye mifuko miwili inayozibwa, kisha ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ukifika jaza chupa upya. Ukishindwa kabisa na dawa, barafu inaweza kukufikisha, lakini jua utakachopoteza: radula, yaani utepe wa meno ulio kinywani, itabaki salama, tezi zitakuwa uji.

Kuvunja gamba

Piga picha na pima kwanza: urefu, upana, rangi ya mdomo. Baada ya hapo hutakuwa na gamba.

Jiliwa la fundi chuma ni bora kuliko nyundo. Bana gamba kwenye mzunguko mkubwa wa mwisho, kaza robo ya mzunguko kwa wakati, sikiliza. Unataka ufa, hutaki kishindo. Likipasuka, geuza kidogo na ubane tena, kisha ng'oa vipande kwa kibano kama unavyomenya. Chicoreus ana gamba nene na miiba. Ikate miiba kwanza kwa koleo la waya, la sivyo taya za jiliwa hazitashika.

Conus ana tabia ya kushangaza. Ukuta wa nje ni mnene kweli, lakini kuta za ndani huyeyushwa na mnyama mwenyewe anapokua, zikabaki nyembamba kiasi cha kupenyeza mwanga. Anayekaza kwa nguvu ileile aliyoanza nayo hupitiliza na kusaga kila kitu. Mara ufa wa kwanza utokeapo, weka jiliwa pembeni na endelea kwa kibano na vidole.

Msuli wa nguzo ndio umemshika mnyama. Ukate msuli huo karibu kabisa na nguzo ya gamba, kisha mzungushe mnyama taratibu kufuata mzunguko wa gamba. Ukimvuta moja kwa moja, kilele cha mwili kitabaki ndani pamoja na tezi ya uzazi. Kabla hujamweka kwenye sahani, angalia kifuniko cha mguuni. Conus ana kifuniko kidogo kisichoweza kufunga mdomo wa gamba. Mitra hana kabisa. Polinices anacho chembamba, cha dutu ya ukucha. Chora, kisha endelea.

Sahani na vifaa

Sahani ya bati yenye kina cha sentimita nne, mimina nta ya mishumaa iliyochanganywa na unga wa mkaa ili tishu nyeupe zionekane. Pini nyembamba za fundi cherehani, vibano viwili vyenye ncha kali, mkasi mdogo wa macho, sindano mbili zilizochomekwa kwenye vijiti, hadubini ya kupasulia ya kukuza mara 10 hadi 40, na nyingine ya kawaida kwa ajili ya radula. Mnyama afunikwe na ethanoli ya asilimia 70 muda wote wa kazi. Akikauka hata dakika tano tezi zinashikamana. Wanaotaka kuzoesha mkono kwanza wanaweza kumtumia konokono mkubwa wa mashambani, lakini kwa kuzoea pini na mkasi tu: yeye ana mapafu, ana jinsia zote mbili kwa pamoja, na ndani hamfanani hata kidogo na hawa.

Kufungua joho

Mlaze kwa mguu chini, kichwa kikielekea kwako. Kata joho, yaani tabaka la nyama linalofunika mgongo wa mbele, upande wake wa kushoto, mahali linapokutana na mwili, tangu ukingoni hadi mwisho wa chumba kilicho chini yake, kisha lifunue kuelekea kulia na ulibane kwa pini. Kumbuka sasa unatazama dari kwa ndani, kwa hiyo mpangilio umegeuka. Tangu kushoto kwa mnyama kwenda kulia kuna: osfradiamu, kiungo cha kunusa maji, ambayo kwa Neogastropoda ni kubwa na ina majani pande zote mbili, na wengi huidhani kuwa ni tamvua dogo; tamvua lenyewe, kiungo cha kupumulia, lenye majani upande mmoja tu; tezi ya ute; kisha utumbo wa mwisho na mfereji wa uzazi.

Kwa Chicoreus tafuta mstari mweusi au wa kijani-kahawia kando ya utumbo wa mwisho. Ni tezi ya mkundu, na ni alama nzuri ya Muricidae. Tezi yao ya ute, kwa mnyama mbichi au aliyeyeyushwa barafu, hugeuka kijani kisha zambarau inapopigwa na mwanga, ikitoa harufu kali. Ndiyo rangi ya wafalme wa kale wa Mediterania. Glovu zitapona, meza ya mbao haitapona.

Jinsia: dume ana uume nyuma ya kipapasio cha kulia. Usiishie hapo. Rangi za meli zenye TBT, sumu ya kuzuia viumbe kushika meli, ziliwaotesha majike wa Muricidae na jamaa zao uume bandia, na ingawa mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulianza kutumika mwaka 2008, mabaki hukaa kwenye matope ya bandari. Thibitisha kwa tezi nene nyeupe ya vifuko vya mayai ndani ya joho. Akiwa nayo ni jike, hata kama ana uume.

Geuza mnyama utazame unyayo pia. Muricidae wana kishimo kwenye mstari wa kati, sehemu ya mbele ya mguu. Humo mna kiungo cha kutobolea magamba ya wengine. Polinices naye hutoboa, ila kiungo chake kipo kwenye mdomo wa chini, ncha ya mkonga. Kazi moja, mahali tofauti, asili tofauti. Kwenye jedwali utakalotengeneza mwishoni, viungo hivi viwili ni tabia (sifa za kulinganisha) mbili, si moja, na kosa la kuviunganisha linatosha kumhamisha Polinices kutoka nje ya kundi hadi kando ya Chicoreus.

Kichwa

Hapa nenda taratibu kuliko mahali pengine popote. Ingiza ncha butu ya mkasi katikati ya vipapasio na ukate ngozi ya mgongo kurudi nyuma kwa mstari wa kati, ukiinua mkasi juu ili usiguse kilicho chini. Bana kingo mbili kwa pini zilizolala. Utaona mkonga uliokunjwa ndani ya ala yake, na nyuma yake msongamano wa tezi na mirija. Usikate chochote kwa dakika kumi za mwanzo. Chora.

Swali la kwanza: tufe la kinywa, lile lenye radula, liko wapi? Likiwa kwenye ncha ya mkonga, radula inafanya kazi ikiwa imegusana na windo, na mnyama yuko upande wa Chicoreus, Pleuroploca na Mitra. Likiwa kwenye shina la mkonga, radula haiwezi kufika nje; mnyama hutoa jino mojamoja, hulipeleka hadi ncha ya mkonga na kulishika hapo. Huo ndio mpango wa Conoidea, yaani Conus, Turridae na Terebridae. Jibu la swali hili moja lina uzito kuliko maelezo yote ya gamba.

Fuata umio kurudi nyuma. Kwa Chicoreus, kabla ya kufika kwenye pete ya neva inayouzunguka, umio huvimba na kuwa na umbo la peasi, rangi nyeupe ya maziwa. Ni vali ya Leiblein, inayozuia chakula kurudi mkongani. Baada ya pete, upande wa nyuma, kuna tezi kubwa ya kahawia au manjano: tezi ya Leiblein. Wanaoanza huichanganya na tezi ya mmeng'enyo kwa rangi yake. Tofautisha kwa mahali: tezi ya Leiblein iko kwenye chumba cha mwili nyuma tu ya pete ya neva na inafunguka kwenye umio, ya mmeng'enyo iko juu, kwenye mizunguko ya kilele.

Tezi za mate ni bonge la punje ndogo kando ya vali. Fuatilia mirija yake kwa sindano, si kwa mkasi. Kwa Neogastropoda mirija hupita kando ya pete ya neva. Kwa konokono wengi wa makundi ya jirani hupita ndani ya pete. Kisha tafuta tezi za mate za ziada: kwa Chicoreus ni mirija miwili minene, myeupe inayong'aa, mara nyingi mmoja umejificha chini ya tezi ya kawaida. Pleuroploca na jamaa zake hawana. Watu huandika "hazipo" kwa sababu walitazama upande mmoja. Inua kila kitu pande zote mbili kabla ya kuandika neno hilo. Kwa Mitra tafuta fimbo ya misuli ndani ya mkonga, inayobeba mirija ya mate hadi nje ya kinywa. Ni mali ya Mitridae peke yao, na ukiipata huna haja ya kubishana na mtu.

Conus hatakuonyesha vali ya Leiblein. Badala yake kuna mrija mrefu uliojikunjakunja, mweupe au wa manjano hafifu, ambao ukiunyoosha unaupita urefu wa gamba lenyewe. Ndio tezi ya sumu. Mwisho wake wa nyuma umeungana na kifuko cha misuli, kigumu na chenye kung'aa, kinachosukuma sumu mbele. Mrija huo hupita kwenye pete ya neva na kufunguka karibu na mfuko wa radula wenye mikono miwili: mrefu ambamo meno hutengenezwa, mfupi ambamo yaliyokamilika husubiri zamu. Wanaanatomia wengi huichukua tezi ya sumu kuwa ni tezi ya Leiblein iliyobadilika, hivyo kwenye jedwali huwekwa kama hali mbili za kiungo kimoja. Sumu hiyo ndiyo iliyozaa dawa ya maumivu ya zikonotaidi, iliyotokana na Conus magus na kuidhinishwa Marekani mwaka 2004.

Pete ya neva ikate mwisho kabisa, katikati ya mafundo mawili ya juu. Anayeuvuta umio kupitia pete nzima huikata vali na kubaki na ncha mbili asizojua zilikuwa zinaungana wapi.

Kutoa radula

Kata tufe la kinywa lote, au mfuko wa radula kwa Conoidea, na uusuuze kwa maji vizuri. Usuuzaji huu si wa hiari: jiki ikikutana na ethanoli au tindikali hutoa kemikali za hatari.

Njia ya pole ni potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, gramu kumi katika mililita 100 za maji, usiku mzima kwenye joto la chumba. Kwa Moshi inatosha kabisa. Arusha mwezi wa Julai weka kichupa ndani ya kikombe cha maji ya moto na ubadilishe maji mara mbili. Usichemshe. Njia ya haraka ni jiki nusu kwa nusu na maji, chini ya hadubini, bila kuondoa jicho. Nyama huyeyuka kwa dakika chache. Utepe unaposimama peke yake, uhamishe mara moja kwenye maji yaliyosafishwa. Ukichelewa, utando unaoshika meno hulegea, meno yanasambaa, na huwezi tena kusema lipi lilikuwa la kati. Kwa Conus hasara hiyo ni ndogo kwa kuwa meno yake yamesimama mojamoja tangu awali, na kwa hiyo jiki ni njia nzuri kwake.

Badilisha maji mara tatu. Weka tone la gliserini kwenye slaidi, laza utepe kwa sindano huku meno yakitazama juu, na kwenye ncha moja uutenganishe ili uone safu moja kwa upana wake. Hesabu meno ya safu, ukianzia katikati.

Polinices na Monoplex wana saba: moja la kati na matatu kila upande. Chicoreus, Pleuroploca na Mitra wana matatu. Kwa Chicoreus jino la kati lina ncha tatu kuu na ya pembeni ni jino jembamba la ncha moja. Kwa Pleuroploca jino la kati ni dogo, na ya pembeni ni mapana yenye vijino vingi. Volutidae wengi wamebaki na jino la kati peke yake. Katika Conoidea upunguaji unaonekana hatua kwa hatua: Drilliidae bado wana matano kwa safu, Lophiotoma hutegemea meno ya ukingoni yenye miguu miwili, na Conus ana meno ya ukingoni tu, kila moja likiwa karatasi ya kaitini iliyojiviringisha ikawa sindano yenye tundu na ndoano. Kwa Conus ebraeus jino ni la milimita moja au pungufu. Lipime, uligawe kwa urefu wa gamba. Uwiano huo husaidia kutenganisha spishi.

Oxymeris maculata atakukatisha tamaa. Hana radula, hana tezi ya sumu. Fungua mnyama wa pili kabla ya kuandika, ili uwe na hakika hukuitupa kwa bahati mbaya, lakini matokeo yatakuwa yaleyale.

Kutoka daftari hadi mti

Ili kupata mti wa ukoo wa wanyama hawa, tengeneza jedwali: wanyama kwa mistari, tabia kwa safu. Tabia kumi na mbili zilizoonwa kwa macho yako zina faida kuliko thelathini za kunakili. Kwa kila kisanduku una alama nne, na wengi hutumia mbili. 0 na 1 ni hali za tabia, kwa mfano kiungo hakipo au kipo. Alama ya kuuliza ni pale ambapo hukuona: tezi ilioza, umio ulikatika. Kistari ni pale ambapo swali halina maana: mnyama asiye na radula hawezi kuulizwa jino lake la kati lina ncha ngapi. Ukimjazia 0 kwenye kila safu ya radula, umemhesabia upotevu mmoja mara tano.

Mtihani wa Oxymeris uko hapa. Polinices hana tezi ya sumu, Oxymeris naye hana. Wote 0, na programu ya kompyuta ya kujenga mti itamvuta Oxymeris hadi shinani mwa mti kana kwamba ni mzee wa ukoo. Dawa yake si kubadilisha namba mpaka upendezwe. Dawa ni kumleta jamaa wa kati. Hastula, wa familia hiyohiyo ya Terebridae na anayeishi kwenye mchanga wa mawimbi, ana tezi ya sumu na radula ya sindano, na pia ana ule mdomo mrefu unaojifunua nje ambao Oxymeris anao. Akiingia jedwalini, mdomo huo unamfunga Oxymeris kwa Hastula, na tezi ya Hastula inawafunga wote kwa Conus. Kutokuwepo kwa tezi kunasomeka sasa kama upotevu. Na upotevu wa aina hii ndani ya Terebridae haukutokea mara moja. DNA ya familia hiyo imeonyesha umejirudia. Hali ni hiyohiyo kwa Coralliophilinae walao matumbawe: hawana radula, waliwahi kupewa familia yao, leo wako ndani ya Muricidae.

Programu za bure kama Mesquite na TNT zinatosha, na laptopu ya kawaida inazibeba. Kwa wanyama wanane kuna miti 10,395 inayowezekana isiyo na mzizi. Ukimwongeza Hastula inakuwa 135,135. Bado ni michache kiasi cha kupima yote bila mkato wowote, basi pima yote. Weka mzizi kwa Polinices. Ukipata miti mingi yenye hatua (mabadiliko ya tabia) chache sawa, usichague wa kukupendeza: chora wa pamoja, na matawi yasiyokubaliana yaache wazi.

Kisha ondoa tabia moja moja na uendeshe tena. Tawi linalovunjika kwa kuondoa safu moja limesimama kwa mguu mmoja, na mara nyingi mguu huo ni meno, ambayo hufuata mlo. Tawi linaloshikiliwa na mahali pa tufe la kinywa, njia ya mirija ya mate na joho kwa pamoja ni la kuaminiwa zaidi. Ndiyo sababu kundi kubwa la zamani la Turridae halikudumu: lilikuwa limejengwa zaidi kwa gamba na kwa kile ambacho wanachama wake hawakuwa nacho, na mwaka 2011, DNA ilipounganishwa na anatomia, liligawanywa katika familia 13, na Conoidea wote wakawa familia 15.

Vipande vya mguu ulivyokata pwani vinaweza kutumwa kusomwa COI, jeni inayotumika sana kulinganisha wanyama. Mti wa DNA na wako vikipishana, rudi kwenye chupa, si kwenye kompyuta: fungua tena mnyama husika na uangalie kama alama yako ya 0 ilikuwa "nimeona hakipo" au "sikukiona". Ili jambo hilo liwezekane, kila chupa iwe na lebo ya penseli ndani yake, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli: namba, mahali, tarehe, kina cha maji, jina la aliyekusanya. Gamba lililovunjika, radula kwenye slaidi na kipande cha DNA vibebe namba ileile. Kagua usawa wa ethanoli kila miezi mitatu na ujaze kwa ya asilimia 70. Chupa zenye vifuniko vya bati hupata kutu na kuvujisha. Za plastiki zenye mpira ndani hudumu.